Fundi Asiyepanda Gari

Ukimpelekea fundi gari, hafungui boneti. Kwanza anakupa stuli ukae, anakuuliza habari za nyumbani, za shamba, za mvua, na wewe roho iko juu kwa sababu una safari. Halafu anaanza maswali. Lilianza lini? Asubuhi au mchana? Ulikuwa unapanda mlima au uko tambarare? Ulibeba nini? Nani alikaa mbele? Ukimjibu, "Linamisi tu, fundi, fungua uone," anafuta mikono taratibu na kukutazama kama umemtukana.

"Mgonjwa hana mdomo," anasema. "Anayeshinda naye ni wewe. Sema."

Mimi si mtu wa subira, nakiri. Nauza asali, nimegombana na wachuuzi wa kila soko kuanzia Tabora mjini mpaka Nzega, na tangu mume wangu afariki naendesha mwenyewe pikapu aliyoniachia. Ni gari la zamani, la kabureta. Vijana wa gereji za kompyuta wakiliona wanacheka, maana hakuna mahali pa kuchomeka mashine zao. Kwa hiyo nilikuwa sina pa kwenda ila kwa fundi huyu wa mtaa wa Ng'ambo, na kila nikienda tunagombana. Namwamkia, "Shikamoo, fundi," naye anaitikia kwa sauti mtaa mzima usikie, "Marahaba, binti yangu, leo umekuja kunitukana saa ngapi?" Binti yake! Mimi mwenye mjukuu.

Kumisi, kwa asiyejua, ni pale plagi moja au mbili zinapokosa moto. Injini inakohoa, gari linatetemeka, nguvu zinapotea, na likizidi linazima katikati ya njia. Fundi alikuwa bingwa wa ugonjwa huo kwa sababu ya masikio yake. Alikuwa na kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono. Ncha moja anaitia sikioni, nyingine anaitembeza juu ya injini, macho ameyafumba, midomo inahesabu. Baadaye anasema, "Ya tatu," na unakuta ni plagi ya tatu kweli.

Masikio hayo hayakuishia kwenye magari. Kanisa letu la Moravian pale mjini liko karibu na gereji yake, na kwaya ikifanya mazoezi anasikia kila kitu. Siku moja, mimi nimekaa kwenye stuli yangu, yeye anasugua plagi huku anauimba wimbo wetu kwa pua, Mwislamu mzima na kofia yake kichwani. Nikamcheka. Akasema, "Cheka, lakini kwenye besi yenu kuna mmoja anamisi." Nilikwenda kuuliza. Mzee mmoja wa besi alikuwa amewekewa meno ya bandia wiki ile, na ubeti wa pili ulikuwa unamshinda.

Alichukia kubadilisha vifaa ovyo. Mtu akija na koili mpya mkononi, ile inayozalisha moto wa plagi, ameshauriwa na watu wa kijiweni, fundi anamrudisha nayo nyumbani. "Unabadilisha usichokijua," anamwambia, "ukipona utasema umepona na nini?" Wengine waliudhika wakahamia kwingine. Mimi niliudhika nikabaki.

Na kila mwaka, mvua zikikaribia, ananiagiza nta. Si asali, nta tupu, bonge kama ngumi. Anaiyeyusha kwenye kopo la maziwa juu ya jiko la mkaa, anachukua brashi ya kunyolea ndevu, anapaka kuzunguka distributa, ile kofia nyeusi inayogawa moto kwenye plagi, ili maji ya madimbwi na mito yasipenye ndani. Ilikuwa dawa yake mwenyewe. Sisi watu wa Tabora nta tunayo, na mafundi wengine wakamwiga, hata ikawa gari la vijijini lisilopakwa nta linaonekana liko uchi. Kopo lile lilikaa kwenye rafu yake karibu na saa ya ukutani, na sikumbuki mtu aliyewahi kulitilia shaka.

Lakini jambo lililowashangaza watu kuliko yote ni kwamba fundi hakupanda gari. Hakuendesha, hakupakiwa. Alitembelea baiskeli. Akitaka kulijaribu gari anakuambia, "Zunguka msikitini urudi," naye anasimama kona anakusikiliza unavyokwenda na unavyorudi. Kazi ikiisha anatembea ubavuni mwa gari lako mpaka lami, kiganja kimelala kwenye bodi, kichwa kimeinama. Mkifika lami, akiridhika, anapiga bodi mara mbili, pa pa, ndipo unakanyaga mafuta. Watu walikuwa wakiuziana magari wanaulizana, "Fundi ameshapiga?" Mimi niliona ni maringo tu. Nikajisemea, mzee anajifanya sultani, magari yanamzunguka yeye yuko palepale.

Basi, ulifika mwaka wa mabalaa yangu. Mimi nakaa kijiji cha warina asali, kusini, ndani ya miombo, mwendo wa saa tatu hadi mjini barabara ikiwa na huruma. Binti yangu, ambaye ndiye mtoto wangu pekee, anakaa na mumewe nyumba ya pili. Mtoto wa kwanza alimpata kwa kupasuliwa, na nusura tumkose. Alipobeba mimba ya pili, nesi wa kliniki alinishika mkono akaniambia, "Mama, huyu asisubiri uchungu kijijini. Wiki tatu kabla awe ameshafika mjini." Bodaboda kwa mwanamke mwenye mshono, kwenye mashimo yale, hata usiitaje. Basi la abiria, mvua zikianza, haliji. Gari kijijini lilikuwa moja, langu. Tukapanga nimpeleke Kwihara kwa dada yangu, akae hapo akisubiri siku zake, hospitali iko karibu.

Ndipo pikapu ikaanza kumisi. Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu, narudi kijijini na ndoo tupu. Saa nzima imekwenda vizuri, nikaingia porini, pale ambapo simu haishiki mtandao, likaanza kukohoa, likatetemeka, likazima. Nilikaa nikisikiliza ndege. Baada ya muda, injini imepoa, nikapiga stata, likawaka na kunguruma kana kwamba halijafanya kitu. Sikuliondoa mara moja. Nilikuwa namwona mwanangu amekaa kile kiti cha pembeni.

Nikamrudishia fundi. Maswali, mpira sikioni, zunguka msikitini. Hakuna misi. Akafungua distributa, akasafisha pointi, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili moto uruke, akafunga, akapaka nta yake, akanisindikiza mpaka lami. Pa pa. Siku mbili likaenda salama, ya tatu likazima palepale porini. Nikarudi. Akasugua plagi, akapima waya, akasafisha pointi, akapaka nta. Pa pa. Likazima, nikarudi mara ya tatu, likazima tena. Mara ya nne, mtu yule yule aliyekuwa akiwafukuza watu na koili zao, alibadilisha koili. Hakunitazama machoni alipokuwa akiifunga.

Siku zilikuwa zinakimbia. Wiki tatu za nesi zikafika, zikapita, na mimi bado naenda mjini na kurudi, sithubutu kumpakia mwanangu kwenye gari linalozima porini. Nikaanza kusikia misi kila mahali. Mashine ya kusaga ya kijijini ikikata kidogo, moyo unaruka. Mvua ikinyesha juu ya bati na kusita, moyo unaruka. Mwanangu akipanga nguo za mtoto ananiambia, "Mama, tulia, Mungu yupo," na mimi nataka kumwambia Mungu yupo ndiyo, lakini gari je?

Mara ya tano nilipofika gereji sikukaa kwenye stuli. Nilimpigia kelele mbele ya watu. "Fundi, kila ukipiga hilo bodi lako unanidanganya! Mwanangu atafia porini ndani ya gari ulilosema limepona. Unalipima kwa kuzunguka msikiti, wakati ugonjwa unakuja baada ya saa nzima. Panda gari ukaone!"

Aliweka spana chini. Watu waligeuka kututazama. Nilijutia sauti yangu, lakini sikuirudisha. Akaenda kunawa, akarudi, akasema kwa sauti ya chini, "Binti yangu, mimi gari linanitapisha. Tangu mtoto. Nikikaa dakika kumi natapika mpaka nyongo. Utamwambia nani kwamba fundi wa magari anatapishwa na gari?"

Mungu anisamehe, nilicheka. Alicheka na yeye kidogo. Kesho yake alfajiri nilimkuta mlangoni kwa dada yangu Kwihara, nilikolala, kaja na baiskeli, kavaa koti, mkononi spana zake, kopo la nta, na mifuko ya nailoni kama kumi.

Alitapika. Jamani, alitapika. Kichwa nje ya dirisha, kofia ameishika mkononi, na kati ya kutapika na kutapika ananiambia, "Usipunguze mwendo, nasikiliza." Tukaingia porini, saa ikatimia, likaanza kukohoa. Akashuka, akafungua distributa likiwa moto bado, akaungua vidole. Pointi alizifuta, akatazama, akatikisa kichwa. Hakuona kitu. Likapoa, akafunga, akawasha kamoto ka vijiti, akayeyusha nta, akapaka. Tukafika kijijini, akalala kwenye mkeka bila kula.

Asubuhi nikasema liwe liwalo, leo tunaondoka. Mwanangu alikuwa ameamka na uso mwingine. Aliniambia mgongo unamuuma tu. Mume wake alibaki na mtoto mkubwa. Tukakaa mbele watatu, mimi usukani, mwanangu katikati, fundi dirishani na mifuko yake. Wingu lilikuwa zito upande wa mjini. Nusu saa, salama. Dakika arobaini, salama. Mwanangu akanishika goti, akalibana.

"Mama, tumbo linakaza."

"Linakaza vipi?"

"Linakaza na kuachia. Na hii harufu ya nta inanichefua."

"Gari la asali litanuka nini, marashi?" nikamjibu kwa ukali, kwa sababu ya hofu tu.

Fundi akaingiza kichwa ndani. Uso umempauka, ndevu zina mate. "Umesema nini, mwanangu?"

"Nta, babu. Inanuka nta."

"Ya nyuma? Ya ndoo?"

"Nyuma hakuna ndoo leo. Hapa mbele, kwenye miguu. Toka mimba hii pua yangu haina adabu. Kila mama akirudi kusema limezima, nikilisogelea ni harufu hii hii. Likinuka hivi, ujue limezima."

Hakumaliza kusema. Injini ikakohoa.

"Zima," fundi akasema. "Zima sasa hivi, nifungue kabla halijapoa."

Aliruka chini, akafungua boneti, akavua kofia yake akaifanya kitambaa, akang'oa kile kifuniko cheusi cha distributa. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ndani, kwenye pointi, nta ilikuwa imeyeyuka inang'aa kama mafuta ya taa. Kifuniko alikuwa amekibadilisha kabla ya mvua, kile cha zamani kilipasuka, na hiki kipya hakikukaa sawasawa, kikaacha mwanya mwembamba. Likipata joto, nta inapenya mwanya, inafunika pointi, moto unakosa njia. Likipoa inaganda, pointi zikigongana zinaikwangua, gari linawaka. Kila mara aliposafisha aliikuta nta kidogo mle ndani, akaifuta bila kuifikiria, kwa sababu ilikuwa nta yake. Na kila alipomaliza kutibu, alipaka nyingine.

Alikaa chini kwenye tope. "Ni mimi," akasema. "Wiki zote hizi. Ni mkono wangu mimi."

Ndani ya gari mwanangu aliguna. Mimi sikuwa na huruma ya kumpa mtu yeyote wakati ule. "Fundi," nikamwambia, "utalia baadaye. Sasa hivi nitolee mwanangu hapa."

Akainuka. Akachovya pindo la shati kwenye petroli, akaosha pointi, akaosha kifuniko, akakwangua nta yote mpaka chembe ya mwisho kwa ukucha. Kopo akalitupa porini, nikalisikia likigonga mti. Matone ya mvua yakaanza, na mbele yetu kulikuwa na mto wa kuvuka. Bila nta, maji yakipenya, tumekwisha. Akachukua mfuko wa nailoni, mmoja ambao hakuwa ameutapikia, akauvisha distributa, akaufunga kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Tulipofika mtoni alishuka, akakunja suruali, akatangulia ndani ya maji akipapasa kwa miguu mahali pa kina kifupi, ananipungia mkono nije. Nilimfuata taratibu, maji yanagonga chini ya miguu yangu, nasikiliza injini, nasikiliza pumzi za mwanangu, sijui nilikuwa naomba kwa sauti au kimoyomoyo. Haikukohoa. Haikukohoa tena mpaka mlango wa hospitali.

Walimpasua jioni ile ile. Nesi alisema tungechelewa kidogo tu tungewakosa wote wawili, akanikabidhi mtoto wa kike amefungwa kwenye kanga yangu. Nilipotoka kumtafuta fundi nimwambie, hakuwepo. Mlinzi akasema yule mzee ameondoka kwa miguu.

Nilikuwa na hasira naye. Niseme ukweli, miezi mingi nilikuwa nayo. Kama si nta ile, tungekuwa Kwihara wiki tatu nzima, tumetulia, tunakula wali. Lakini kama si yeye kutapika njia nzima, ningekuwa nazima na kuwasha porini na mwanangu anakata roho. Nilishindwa kuliweka jambo hilo mahali pake, basi nikaendelea kuuza asali.

Habari zake nikawa nazisikia sokoni. Alikuwa anazunguka na baiskeli kwa kila mtu aliyempakia nta, mjini, Kwihara, mpaka vijiji vya mbali, anafungua, anakwangua, anasema, "Nilikosea, nisamehe." Gari nyingi hazikuwa na tatizo lolote, vifuniko vyake vilikaa vizuri. Hakujali. Watu wakaanza kusema kumbe mzee alikuwa anabahatisha. Wateja wakapungua. Nilipompelekea pikapu kubadilisha oili, nilikuta gereji iko wazi na kimya. Alifanya kazi yake, akanisindikiza mpaka lami, kiganja kwenye bodi. Tukafika. Akaondoa mkono, akageuka, akarudi zake ndani. Hakupiga.

Nikaambiwa ni hivyo kwa wote. Tangu siku ile hajapiga gari la mtu.

Mwezi uliopita nilimrudia. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na mimi nilikuwa namrudisha binti yangu kijijini baada ya kliniki, mtoto amekaa mapajani kwake, sasa anatembea na kuvunja vyombo. Fundi alikuwa amepungua, shati linamwelea. Aliniuliza maswali yake yote, nikamjibu yote, hata nani alikaa mbele. Akasikiliza kwa mpira wake muda mrefu. Hakukuwa na kitu. Nikamshushia ndoo ndogo ya asali, zawadi. Akafunua, akaona masega yanaelea juu, akafunika haraka.

"Asali naitaka," akasema. "Nta rudi nayo."

"Fundi, ni masega tu."

"Kachuje kwanza."

Tulicheka, na binti yangu akacheka. Kisha nikawasha, akatembea ubavuni mpaka lami, kiganja kwenye bodi, kichwa kimeinama. Tukafika. Akaondoa mkono.

Nikazima injini hapo hapo, katikati ya njia. Bodaboda nyuma yangu zikaanza kupiga honi.

"Una nini tena?" akauliza.

"Sitoki hapa mpaka upige."

"Binti yangu, mimi siwezi kukuapia. Mle ndani naweza kuwa nimekosea tena na nisijue."

"Sikukuomba uape. Nimekuomba upige."

Alimtazama mtoto dirishani. Honi zilikuwa nyingi, mtu mmoja akanitukana, nikamrudishia lake bila kugeuka. "Washa basi," fundi akasema. "Nitapigaje gari lililozimwa?"

Nikawasha. Hakupiga. Akarudi mbele, akafungua boneti upya pale pale lami, akaingiza mpira sikioni, akafumba macho. Nilimwona kwenye mwanya wa boneti midomo inahesabu, mara ya kwanza, mara ya pili, na mimi nimeung'ang'ania usukani, maana niligundua kwamba akisema hapana nitashusha mizigo na kulala mjini. Akafunga boneti. Akaja upande wa mwanangu, akaweka kiganja kwenye bodi, chini kidogo ya mkono wa mtoto.

Akapiga mara moja. Nikasubiri. Akapiga ya pili, nikakanyaga mafuta.